Tupeane uzoefu: yai la kupasulia majini bila kuchafua jiko zima

JikoMchangani
Assalaam alaykum jamani. Nazungumzia yai linalopikwa majini bila ganda, ute umeshika na kiini bado laini. Wengi wanalikimbia kwa sababu ya povu na masufuria yaliyogandwa na ute. Mwenye njia nyepesi aitie hapa, na vipimo vyake.

BiMkoani
Waalaykum salaam. Tazama yai kwanza. Yai jipya lina ute mzito ulioshikana na kiini. Lililokaa, ute umekuwa maji, likiingia sufuriani hutawanyika nyuzinyuzi, na uchafu wote unatoka hapo. Litie kwenye bakuli la maji: likilala chini ni jipya, likisimama lichemshe na ganda lake, likielea tupa.

Halafu lipasulie kwenye chujio la chai la waya, sekunde 20 hadi 30. Ute mwepesi unadondoka, mzito unabaki. Kwangu mimi hatua hii inashinda siki. Chujio lioshe papo hapo kwa maji baridi, maana maji moto yanaupika ute ndani ya matundu na hapo utasugua mpaka uchoke. Kikaango nacho vivyo hivyo.

JikoMchangani
Kwa hiyo siki tuiache, bibi?

Kilimani_Mpishi
Kwa ruhusa ya Bi, siki ina kazi yake: inaufanya ute ushike upesi. Kijiko 1 cha mezani kwa lita 1 ya maji, basi. Ukizidisha yai linakuwa kali. Ndimu inafaa pia.

Tumia kikaango chenye kimo, maji ya kina cha vidole vitatu. Yakichemka punguza moto mpaka vipovu vidogo vibaki chini tu, kwa sababu maji yanayotokota hulichana yai. Toa yai kwenye chujio ulitie kikombeni, mdomo wa kikombe uguse maji, limimine taratibu. Dakika 3 kiini kinamwagika, 4 kinakuwa kizito. Mtoto mdogo au mja mzito mpikie mpaka kiini kikauke.

Wete_Jikoni
Hamtaki kuosha? Lipikeni ndani ya mchuzi. Kitunguu 1, nyanya 3, mafuta vijiko 2, bizari kidogo. Kaanga mpaka nyanya zirojeke na mchuzi uwe mzito. Ukiwa mwepesi yai linazama na kupotea. Fanya vishimo kwa mgongo wa kijiko, kila shimo yai lake, funika, moto mdogo, dakika 5 hadi 7. Usifunuefunue! Mvuke ukitoka, ute wa juu unabaki mbichi na chini panaungua. Kikaango kiende mezani, watu wachovye boflo humo humo. Kwa daku hii haina mfano: mchuzi unapikwa jioni, usiku unatia mayai tu.

Fuoni_Maikrowevu
Kwa mtu mmoja, kikombe kinatosha. Maji nusu kikombe, yai lizame lote, toboa kiini kwa kijiti cha meno, funika kwa kisahani, sekunde 50. Bado bichi? Ongeza 10, tena 10. Kutoboa ni lazima, kwani mvuke ukijifungia kiinini yai hulipuka, hata likiwa tayari mkononi mwako.

BiMkoani
Na wageni wakiwa wengi, mwanangu, yapike mapema kwa dakika 3, yatie kwenye maji ya barafu, kisha friji. Wakikaa mezani yarudishe kwenye maji moto yasiyochemka, dakika 1.