Taa kubwa za gari zinacheza: tupeane uzoefu, yako ilikuwa nini?

Mzee wa IST:
Wakuu habari za jioni. Naanza na yangu, na nyie mshushe zenu.

Nina IST ya 2004. Juzi kati natoka Morogoro naelekea Iringa, giza likanikuta ndani ya hifadhi ya Mikumi, kule kwenye mabango ya faini za kugonga wanyama. Taa kubwa zikaanza kucheza. Hazizimi, ila zinafifia, zinarudi, zinafifia tena, kama kibatari kwenye upepo. Nikashusha mwendo hadi 40, hazadi (indiketa zote kwa pamoja) nimewasha, nikajibanza nyuma ya lori mpaka nikatokea Mikumi mjini.

Fundi wa kwanza alichungulia tu kwenye boneti akasema, "Altaneta hiyo, bosi," yaani ile mashine ya kuzalisha umeme na kuchaji betri. Laki na themanini, ya mtumba, pamoja na ufundi. Usiku uleule taa zinacheza vilevile.

Iringa nikampata mzee mmoja Ipogolo. Hakushika spana kwanza, aliuliza: zinacheza zote mbili au moja? Na taa za dashibodi je? Nikamwambia zote mbili, dashibodi imetulia. Akaniambia washa indiketa. Kila indiketa inapopiga, taa kubwa nazo zinafifia kwa mdundo huohuo! Mzee akacheka peke yake. Akasema umeme ukikosa njia nzuri ya kurudi kwenye bodi, taa zinaanza kunyang'anyana njia. Akafuata waya wa hasi hadi kwenye bolti yake pale mbele. Mwaka jana gari lilinyooshwa bodi, na fundi rangi alipuliza hadi pale waya unaposhikia, kisha akaufunga juu ya rangi. Mzee akasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi kidogo kwa juu. Elfu kumi. Sijaziona zikicheza tena.

Noah Nyeusi:
Pole mkuu, ila altaneta nazo zinakufa kweli. Yangu taa zilikuwa zinafuata mguu. Nikikanyaga mafuta zinawaka kama uwanja wa mpira, gari likiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) zinalegea, na feni ya AC nayo inapanda na kushuka. Hapo kila kitu kinacheza, sio taa peke yake. Fundi umeme akaweka mita kwenye betri: injini imezimwa 12.5, imewashwa inaruka kutoka 12.8 hadi 15.6. Gari lisilo na tatizo, likiwa limewashwa, linatakiwa likae kwenye 13.5 hadi 14.5 hivi. Katauti (kidude kinachodhibiti volti ya altaneta) ilishakwisha, na makaa yake ya ndani yameliwa hadi mwisho. Tulibadilisha hivyo viwili tu, altaneta ni ileile mpaka leo. Ila katauti kabla haijafa iliondoka na balbu zangu mbili.

Spana Namba 10:
Vichwa vya betri jamani! Changu cha chanya kilikuwa kinazunguka kwa vidole, kimeota unga wa kijani. Maji ya moto, magadi, brashi ya waya, kaza. Hata soda sikumnunulia mtu.

Wa Rongai:
Mimi niko Nairobi, gari ni Probox. Ya kushoto pekee ndiyo ilikuwa inacheza, hasa kwenye matuta. Mwaka huo nilikuwa nimeweka balbu za wati 100 ili nione mbali, na za kiwandani ni 60/55. Piga hesabu: wati 100 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 8 kwa balbu moja, na waya ni uleule mwembamba. Mekanika alipochomoa soketi ilikuwa imegeuka kahawia, plastiki imelainika, pini moja imelegea hadi inacheza kama jino la mtoto. Tukafunga soketi za kauri, na nikarudi kwa balbu za kawaida. Ukitaka hizo kubwa, weka rilei (swichi ya umeme ya kubeba mzigo mkubwa), waya mnene kutoka kwa betri, na fyuzi yake. Usipoweka fyuzi utachoma gari.

Kimya Kingi:
Yangu ni gari la Kijerumani, taa zilikuwa nzima kabisa mpaka nilipojipeleka mwenyewe kuweka LED. Zinapepesa kama disko. Kompyuta ya gari inatuma umeme kwa mapigo ya harakaharaka. Balbu ya kawaida haioni tofauti kwa sababu waya wake wa ndani unabaki na moto, LED inaona kila pigo. Wakaniuzia na kile kidude cha kutuliza, kikasaidia wiki mbili. Nimerudisha za zamani.

Kijana wa Boda:
Samahani wakubwa, taa ya boda yangu nikiwa sailensa inapepesa, nikivuta mafuta inatulia. Nayo ni hasi?

Noah Nyeusi:
Hapana dogo. Pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele haili kwenye betri, inakula moja kwa moja kwenye koili ya injini. Injini ikienda taratibu nayo inapepesa. Ila ikipepesa hata ukiwa mwendoni, angalia soketi.

Mzee wa IST:
Nashukuruni wakuu. Sasa nimekumbuka kitu: altaneta yangu ya mwanzo, ile nzima, ilibaki kwa fundi wa kwanza. Naidaije?

Spana Namba 10:
Mkuu, hiyo saa hizi iko kwenye IST ya mwenzako.