Waya wa arthi kwenye magari ya zamani: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Nimeona tuwe na uzi mmoja wa jambo hili, kwa sababu gari la zamani likianza kuzungusha stata kwa uchovu, hukumu huwa ni moja: betri imekufa, nunua nyingine. Betri mpya inafungwa, gari linawaka vizuri kwa muda, kisha ugonjwa unarudi. Hapo stata nayo inashushwa. Ule waya mweusi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi, yaani waya wa arthi, hakuna anayeuangalia.

Umeme wote unaoingia kwenye stata lazima urudi kwenye betri. Stata ya injini ya silinda nne inaweza kula ampea 150 hadi 200 au zaidi injini ikiwa ya baridi, na zote zinarudi kupitia bloku (mwili wa chuma wa injini) na waya wa arthi. Kwa ampea 200, ukinzani wa milioomu 5 tu (elfu tano za omu moja, yaani omu 0.005) unakunyang'anya volti 1 nzima. Na milioomu 5 huzioni ukipima omu kwa multimita ya kawaida. Inaandika sifuri, unasema waya mzima.

Gari langu ni saluni ya 1972 na waya wa arthi ulikuwa ule ule liliotoka nao kiwandani. Nilichomoa umeme wa koili ili injini isiwake, nikaweka multimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya hasi (siyo kwenye kichwa cha waya kilichoibana), nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku, kijana wangu akapiga stata. Ikasoma volti 1.1. Upande wa arthi haitakiwi kuzidi 0.2 hivi. Nikachana ganda la waya karibu na lagi (kile kichwa cha chuma mwishoni mwa waya kinachofungwa kwa bolti): nyuzi zilikuwa nyeusi, nyingine zimekuwa unga wa kijani, na ule uozo ulikuwa umepanda ndani ya ganda kiasi cha kiganja. Kwa nje ganda lilikuwa zima kabisa, ungeapa kwamba waya hauna tatizo.

Nikafunga kebo ya milimita za mraba 35 kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye bolti ya giaboksi, na nyingine kutoka betri hadi kwenye bodi. Kipimo kikashuka hadi 0.1. Betri ile ile, stata ile ile, na sasa injini inashika mara tu ufunguo unapogeuzwa.

Leteni wa kwenu. Gari gani, lilikuwa linaonyesha dalili gani, umefunga nini na umefunga wapi.

Mwenye Mini

Mkuu umegusa penyewe. Mimi dalili yangu haikuwa stata kabisa, ilikuwa waya wa choki, ule unaovutwa injini ikiwa ya baridi. Nilivuta choki asubuhi nikapiga stata, nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Kugusa kifuniko cha waya wa choki pale unapopenya kwenye ukuta wa injini, ni wa moto kama pasi, na plastiki imeanza kulainika.

Sababu ni hii. Injini imekaa juu ya mauntingi za mpira, na mpira haupitishi umeme. Kinachounganisha injini na bodi ni ule mkanda mfupi wa nyuzi za kusuka. Wangu ulikuwa umekatika, zimebaki nyuzi chache tu, kwa hiyo umeme wa stata ulikuwa unatafuta njia nyingine ya kurudi na ukaipata kwenye choki. Waya wa akseleta nao ungeweza kupitisha, na huo ukiungua au ukishikamana ukiwa barabarani ni hatari ya kweli. Ukiona choki au akseleta inapata joto wakati wa kupiga stata, usipoteze muda kwenye kabureta. Angalia mkanda wa injini.

Na kwa wenye magari ambayo betri iko kwenye buti kama hili, nyongeza moja: bodi nzima ndiyo waya wako wa kurudi, pamoja na kila kiungo chenye kutu kilichoko njiani. Mimi nilivuta kebo ya arthi kutoka buti hadi kwenye injini sambamba na ile ya chanya. Kwa urefu kama wa mita 4, kebo ya milimita za mraba 25 ina ukinzani wa milioomu 2.75 hivi, ambazo kwa ampea 200 ni zaidi ya nusu volti. Ya 50 inapunguza hasara hiyo kwa nusu. Nilichukua ya 50, na ile arthi ya bodi nikaiacha palepale kwa ajili ya taa na vingine.

Mwenye Beetle ya volti 6

Nashukuru kwa uzi huu, maana sisi wa volti 6 tunasahaulika. Nataka niwaambie wenzangu wa volti 6 jambo ambalo wauza vipuri wengi hawalisemi: kebo ya gari la volti 12 haikufai, hata kama ni mpya na inang'aa.

Hesabu ni hii. Kwa nguvu ile ile, volti 6 inahitaji ampea mara mbili. Waya ule ule basi unapoteza volti mara mbili, na hizo volti zinatoka kwenye mfuko ambao tayari ni nusu. Ukitaka hasara ibaki na uwiano ule ule unahitaji shaba mara nne. Nusu volti kwenye gari la 12 ni kero ndogo, kwenye letu ni sehemu moja kati ya kumi na mbili ya umeme wote.

Gari lilinifikia likiwa na waya mwembamba kutoka betri hadi sakafuni chini ya kiti cha nyuma. Mwenye gari wa kwanza alishakata tamaa, alikuwa anataka kuligeuza liwe la volti 12. Nikatoa huo waya, nikaweka mkanda mpana wa kusuka uliopakwa bati, nikapiga msasa sakafu mpaka chuma kikawa cheupe. Halafu nikaingia chini ya gari kwenye mkanda wa pili, ule wa pua ya giaboksi kwenda kwenye bodi. Huu ndio wengi hawajui hata kama upo. Ulikuwa umejaa tope na mafuta, nyuzi zinavunjika ukizishika. Baada ya huo kubadilishwa, taa kubwa nazo zilipata mwanga niliokuwa nimeambiwa kwamba gari la volti 6 haliwezi kuwa nao.

Mwenye gari lililofufuliwa

Langu lilikuwa zuri kabla ya kupakwa rangi. Lilipotoka kwenye rangi, kila kitu kipya, bolti zote mpya, likawa halichaji vizuri, na mshale wa mafuta unacheza kila indiketa ikiwaka.

Rangi ndiyo iliyokuwa tatizo. Brakati ya altaneta (mtambo unaochaji betri) ilipakwa rangi ya unga pande zote, ikafungwa juu ya bloku iliyopakwa rangi. Altaneta inarudisha umeme kupitia mwili wake, kwa hiyo ilikuwa inapitia kwenye nyuzi za bolti tu. Na tukumbuke wengi tumetoa dainamo ya ampea 22 tukaweka altaneta ya 45 au zaidi, nyaya za arthi tumeziacha za enzi ya dainamo.

Sikukwangua rangi mpya ya watu. Nilivuta waya kutoka kwenye bolti ya mwili wa altaneta hadi kwenye bolti ile ile ya arthi ya injini, na mwingine kutoka kwenye tangi la mafuta hadi kwenye bodi. Mshale umetulia.

Mwenye Land Rover Series

Bodi ya aluminiamu, chesesi ya chuma. Zikikutana na maji, aluminiamu inaliwa na panaota unga mweupe katikati. Arthi za taa zangu zote nimezipeleka kwenye chesesi kwa nyaya zake zenyewe, siitegemei bodi kwa lolote.

Fundi umeme

Nimesoma yote, na niongeze ya mezani kwangu, kwa sababu kebo nene iliyofungwa vibaya ni mbaya kuliko nyembamba iliyofungwa vizuri.

Kwanza ni shaba yenyewe. Sokoni kuna kebo za aluminiamu zilizopakwa shaba juu juu. Aluminiamu inapitisha kama asilimia 61 tu ya shaba, na ikipata unyevu kwenye lagi inaharibika haraka. Kata ncha, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, iache. Pia inakuwa nyepesi mkononi kuliko unavyotarajia. Sumaku haitakusaidia, hainasi shaba wala aluminiamu. Kebo ya mashine ya kuchomelea ni nzuri kwa kazi hii, nyuzi zake ni nyembamba na nyingi, inapinda vizuri.

Pili, lagi ibanwe kwa mashine ya haidroliki, siyo kwa nyundo na patasi. Wapo wanaopenda kumimina risasi ya kulehemu. Shida yake inapanda kwenye nyuzi na kuzifanya ngumu kama kijiti, na hapo panapoishia ugumu ndipo mtikisiko wa injini unapokata. Ukishabana, vika mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Ile gundi ndiyo inayozuia uozo wa kijani alioukuta mwanzisha uzi.

Tatu, mahali pa kufungia. Kwangua mpaka chuma kitupu, upana wa lagi nzima, weka wosha ya meno, kaza, halafu ndipo upake grisi juu. Kichwa cha betri chenye unga mweupe kioshwe kwa maji ya magadi soda, yanaua asidi.

Na jamani, ile tabia ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma ili kujua kama altaneta inachaji, iacheni. Volti zinaruka ghafla na zinaweza kuua daiodi za altaneta. Multimita inatosha kabisa.

Mwenye MGB ya 1965

Samahani, kuna anayeweza kunisaidia? Langu ni arthi ya chanya. Wanaposema ukifungua betri toa hasi kwanza, mimi nitoe upi?

Fundi umeme

Toa ule unaokwenda kwenye bodi, kwako ni chanya. Rangi na alama usizifuate. Ukianza na upande wa arthi, spana ikigusa bodi hakuna kitu, kwa sababu zote ni upande mmoja. Ukianza na ule mwingine wakati arthi bado imefungwa, spana ikigusa bodi imepitisha umeme wote wa betri. Kurudisha ni kinyume, arthi iwe ya mwisho. Kebo haijali mwelekeo, 35 ile ile itakufaa, ila hakikisha tundu la kichwa linaingia: nguzo ya chanya ni nene kidogo kuliko ya hasi, na vichwa vinauzwa tofauti.

Mwenye Mini

Na ukiivuta kwenda kwenye injini, mkuu, iachie ulegevu kidogo. Injini inayumba ukikanyaga mafuta, na kebo iliyokazwa bila nafasi itafungua bolti yenyewe.