Dhahabu au gunia la mchele: meli zisipokuja, kipi kitakuwa na thamani?

mchumaji_wa_Ole
Assalaam alaykum jamani. Nimemaliza kuuza karafuu, nimewalipa wachumaji na madeni nimeyafuta, nimebakiwa na kama milioni tatu. Mke wangu anataka bangili. Mie nataka vitu: mchele, sabuni za mche, madumu, paneli ya sola. Sisemi kiyama kesho. Lakini tuko kisiwani, mchele wetu mwingi unakuja kwa meli, na 2020 tuliona watalii walivyotoweka ghafla na pesa zao. Mambo yakivurugika kikweli, benki zimefunga, noti haitakwi na mtu, nani atakuwa na nafuu: mwenye dhahabu au mwenye stoo? Nataka hesabu, sitaki mawaidha. Mawaidha nimeshapata ndani ya nyumba.

KijanaWaAmani
Vitu. Yakhe, bangili hailiki.

fundi_sonara
Kazi yangu ni hiyo hiyo ya dhahabu, kwa hiyo nichukulieni kama muuza samaki anayesifu samaki. Lakini nitaanza na ubaya wake. Ukinunua bangili unalipa vitu viwili, dhahabu na ujira wa fundi. Siku ukiirudisha kuuza, ujira umekwenda na maji. Mie nakuwekea mizani, natoa mawe, natoa lehemu, nakulipa uzito. Hiyo ni siku ya amani.

Siku ya vurugu tatizo jengine: nani atajua kama ni dhahabu? Hapa dukani naisugua kwenye jiwe jeusi, nadondosha tindikali, naangalia ule mstari. Ukibaki ang'avu ni nzima, ukififia upesi karati yake ndogo au ni shaba iliyochovywa. Muuza muhogo hana jiwe wala tindikali. Ataiangalia, ataing'ata, kisha atakwambia weka hapo nikupe tenga moja. Na bangili ya gramu 30 huwezi kuimega ukanunulia vibaba viwili vya mchele ukarudishiwa chenji.

Kwa hiyo kama lazima ununue, chukua vidogo: vipini, herini, pete za gramu moja au mbili, karati 21 au 22. Havina sifa harusini lakini vinatoka kimoja kimoja.

Bi_Mkubwa_wa_Ngambo
Wanangu, nyie mnauliza "ikitokea". Sisi ilishatokea. Mwanzoni mwa miaka ya 70 mchele, unga na sukari vilikuwa kwa mgao, foleni unaipanga alfajiri, ukifika dirishani unaambiwa kesho. Pesa mtu anaweza kuwa nayo, cha kununua hakuna.

Mama yangu alikuwa na vitu viwili: bangili mbili za dhahabu alizopewa kwao, na cherehani ya mkono. Miaka yote ile cherehani ndiyo iliyotulisha. Alikuwa anageuza makanzu, shuka kuukuu anaifanya kanzu ya mtoto, analipwa muhogo, ndizi, mara nyengine kopo la mafuta ya nazi. Namkumbuka akivunja sindano, analia kama kafiwa, maana sindano haipatikani. Bangili alijaribu kuzitoa mara moja. Alipewa bei ya kumdhalilisha, akazirudisha kwenye godoro.

KijanaWaAmani, usishangilie bado. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 80, vitu vikaingia, cherehani ilikuwa imechoka, meno yameisha. Bangili moja ikauzwa kwa bei yake halali ikawa mtaji wa duka. Ya pili iko kwangu.

KijanaWaAmani
Shikamoo bi mkubwa. Nilikuwa nishaanza kuandika "mmeona?" nimefuta.

fundi_sonara
Marahaba isiwe yake peke yake, na mie shikamoo. Hiyo ndiyo hesabu aliyoitaka mwenye mada. Vitu ni vya kupitia katikati, dhahabu ni ya kuvukia ng'ambo.

mwalimu_Wete
Mnanikumbusha Mtambwe Mkuu, ule mji wa kale huku Pemba. Mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua pale hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, za karne ya 11 hivi. Wanafunzi wangu wakisikia wanauliza bei. Mie huwaza mwenyewe yule, alizifukia akitarajia kurudi, na hakurudi. Thamani ilikaa miaka mia tisa bila kumfaa.

Lakini angalieni ukubwa wa zile za fedha: vidogo sana, vyembamba. Hizo ni pesa za kununulia samaki, si za kuhonga mfalme. Wazee wale walishajua tatizo la chenji analolisema fundi. Mbona hakuna anayetaja fedha, fedha kwa maana ya madini? Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, ilitembea hapa karne ya 19, gramu 28, fedha safi ndani yake kama gramu 23. Noti za rupia za Zanzibar zilianza 1908, mwaka 1936 ikaingia shilingi, rupia ikabaki karatasi. Riale uzito wake ni ule ule.

fundi_sonara
Mwalimu, hizo noti za rupia leo wakusanyaji wanazinunua kwa maelfu ya dola, nadra mno. Karatasi imeishinda riale! Na kuhusu riale: zote zimeandikwa 1780, hata iliyopigwa juzi. Anayekwambia ni ya babu yake, pima kwanza.

BintiMichenzani
Nyie mko karne ya 11, mie niko 2008. Umeme ulikatika Unguja nzima tangu Mei mpaka Juni, karibu mwezi. Hakuna umeme, pampu hazivuti, bomba kavu. Tunakaa ghorofa ya nne. Unajua thamani ya dumu la lita ishirini ukiwa ghorofa ya nne? Si maji tu, ni mtu wa kulipandisha. Jirani mwenye kisima alikuwa sultani.

Sasa kichekesho. Mume wangu aliona bora anunue jenereta, akaikuta kwa bei ya kuchinja kwa sababu kila mtu anaitaka. Wiki ile ile umeme ukarudi. Akaiuza kwa hasara. Disemba 2009 umeme ukakatika tena, miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Sikumwambia neno. Nilimwangalia tu.

Kwa hiyo vitu vina thamani ukivinunua kabla, na usiviuze upesi. Ukinunua katikati ya janga unanunua hofu ya watu.

mtu_wa_Muscat
Nyongeza ndogo. Mji wa Sarajevo, Bosnia, ulipozingirwa vitani, 1992 mpaka 1996, sigara zilikuwa zinatumika kama pesa. Zinagawika, kila mtu anazijua, hazihitaji tindikali. Mie sivuti, lakini ukitafuta chenji ya dunia iliyovurugika ndiyo hiyo. Zimbabwe nako walifika noti ya dola trilioni 100.

ustadh_wa_Chwaka
Sigara hapana. Ile hadithi ya Mtume kuhusu riba inataja vitu sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Viwili madini, vinne vya kuliwa, vyote vimepangwa pamoja kama vipimo vya kubadilishana. Hamna haja ya kugombana. Ila mwenye mada ajue pia: kuficha chakula watu wakiwa na njaa ili bei ipande, hiyo imekatazwa. Weka akiba ya nyumba yako, usiweke mtego wa jirani.

mvuvi_Kojani
Ustadh, huku Pemba chumvi tunavuna wenyewe ufukweni, asipoteze pesa. Mchele nao kwa joto letu, ukiuacha kwenye gunia, fukusi watakula kabla ya janga. Tia kwenye madumu makavu, ziba kabisa, kula wa zamani rudisha mpya. Petroli usiweke, inachacha. Betri ya sola itakufa kabla ya paneli. Muhogo uache ardhini, stoo yake ni hiyo hiyo, unang'oa unapoutaka.

Tukiwa dago, kambini kwa uvuvi, noti haina kazi hata leo. Tunatoa samaki tunapata muhogo, maji, kuni. Na kitu ambacho sijawahi kukataliwa na mvuvi yeyote ni ndoano. Pakiti moja ndogo, unaitia mfukoni, inagawika moja moja kama hizo sarafu za mwalimu, na kila moja inazaa samaki. Ubaya wake kutu. Zipake mafuta, zifunge kwenye kitambaa cha mafuta, ziweke kwenye chupa. Ongeza na mshipi.

mchumaji_wa_Ole
Ahsanteni nyote. Nimemsomea mke wangu ya bi mkubwa, kacheka sana kwenye godoro. Tumekubaliana: vipini na herini ndogo badala ya bangili, thuluthi moja ya pesa. Thuluthi nyengine madumu, mchele, sabuni, sindano (hizo nyingi). Iliyobaki nachimba kisima, maana BintiMichenzani kanitisha. Mvuvi, ndoano namba ngapi?

mvuvi_Kojani
Changanya. Ndogo za changu na chewa wadogo ndizo zinazokwisha upesi, chukua nyingi zaidi. Kubwa za nguru chache tu. Na usinunue za bei rahisi, zinanyooka.

KijanaWaAmani
Na nani anauza sindano za cherehani kwa jumla?