Tupeane uzoefu: Gesti za bei nafuu Kisangani na siku za kungojea mashua

Ndugu zangu, maswali ya wanaotaka kwenda Kisangani, mji wa Kongo (DRC) ulio kando ya Mto Kongo, yamekuwa yakijirudia, na kila mara majibu yanaishia kwenye bei ya chumba. Naomba tuyakusanye mahali pamoja yale yaliyotupata wenyewe katika nyumba za kulala wageni za mji ule, ili anayefuata asianze na mikono mitupu. Tusitaje jina la gesti wala la mwenyewe. Nyumba hubadilika mikono, na iliyokuwa safi wakati wetu huenda leo ina mwenyewe mwingine na desturi nyingine.

Naanza na langu. Nilifika mwaka 2017 kwa ndege kutoka Goma, nia yangu ikiwa kulala siku 3 na kisha kushuka mto hadi Bumba. Nililala siku 11. Kosa langu lilikuwa kutoielewa Kisangani kabla ya kufika. Juu ya mji yapo maporomoko ya Boyoma, ngazi 7 za maji zinazofuatana, na hakuna chombo kinachoweza kuyapanda. Chini ya mji mto uko wazi hadi Kinshasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,700. Ndiyo maana bandari iko pale ilipo: kila chombo kinachotoka chini kinafika mwisho wa njia yake, kinapakua, kinaanza kupakia upya, na hakiondoki mpaka kijae. Anayechukua chumba Kisangani akiwa na safari ya mto mbele yake anachukua mahali pa kungojea, na mahali pa kungojea huchaguliwa kwa macho tofauti na mahali pa kulaza ubavu usiku mmoja.

Gesti yangu ilikuwa upande wa Makiso, katikati ya mji, umbali wa dakika 15 kwa miguu hadi bandarini. Nilionyeshwa vyumba 2. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, kina feni na pazia jipya. Cha pili kilikuwa chembamba, kitanda cha mbao, meza moja, na chandarua cha buluu kilichofungwa fundo kila mahali kilipotoboka. Nilichukua cha pili kwa sababu moja tu: pipa la bafuni lilikuwa limejaa maji hadi ukingoni, kopo linaelea juu yake, ilhali pipa la chumba kikubwa lilikuwa kavu na lina vumbi chini. Feni bila umeme haina kazi, na umeme ulikuwa unakuja na kuondoka upendavyo. Pipa lililojaa lilinionyesha kwamba katika nyumba ile kuna mtu anayeamka.

Na kweli alikuwepo. Usiku, yapata saa tisa, bomba la uani lilianza kukohoa, likatoa upepo, kisha maji yenye rangi ya chai, kisha maji safi. Kijana wa nyumba akatoka na ndoo 2, akajaza pipa la kila chumba kupitia kidirisha cha bafu bila kumwamsha mgeni. Nilimsikia hivyo karibu kila usiku. Nilipomuuliza analala saa ngapi, alisema, "Mchana, baba, wageni wakienda mjini." Tangu hapo, popote nilipofika katika miji ya mto, nimekuwa nikiomba kuona bafu kabla ya kuona kitanda.

Mama mwenye nyumba hakuwahi kunidanganya kuhusu mashua. Makarani wa bandarini waliniambia "kesho" kwa siku 8. Yeye alikuwa na jamaa yake miongoni mwa wapakiaji, na kila asubuhi alinijibu kwa ufupi: "Leo hapana." Jibu lile lilinipa nafasi ya kuishi siku yangu. Nilikwenda kuwatazama wavuvi wa Wagenia, ambao husimamisha magogo makubwa katikati ya maji yanayokwenda kasi na kutundika humo matega yao yenye umbo la tarumbeta. Nisingekwenda kama ningeendelea kukaa juu ya begi langu nikisubiri kesho ya karani.

Wengine karibuni.

Mchango wa mama mfanyabiashara, kutoka Uvira

Nakushukuru kwa kuanza na maji, ila kwa sisi tunaosafiri na mzigo yapo mambo 2 ambayo hukuyagusa. La kwanza ni chumba cha chini. Niliwahi kukubali chumba cha ghorofa ya kwanza kwa kuwa kilikuwa na upepo, nikiwa na marobota 4 ya vitenge. Kijana aliyeyapandisha alinitoza, aliyeyashusha akanitoza, na mvua ilipoingia kupitia bati lililofumuka robota moja likalowa upande mzima. Mwenye gesti alisema mvua ni ya Mungu. Mvua ni ya Mungu, naafiki, lakini bati ni la mwenye nyumba, na tangu siku ile ninatazama dari kabla sijafungua mkoba. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta na hunyesha miezi yote ya mwaka. Usimwamini anayekwambia kwamba umefika wakati wa kiangazi.

La pili ni fedha. Noti ya dola ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha, au ukongwe wa kupita kiasi, hakuna atakayeipokea, hata kama jana yake ulipewa na mtu wa mji uleule. Nilipolipa siku ya kwanza, mama wa gesti aliinua noti yangu juu ya dirisha, akaipitisha vidole pembezoni polepole kama mtu anayekagua kitambaa, akanirudishia. Sikukasirika. Nilimwomba anifundishe anatazama nini, akanifundisha, na siku ile alasiri nilikataa noti 2 sokoni ambazo ningezipokea nikiwa sijui. Francs ninabeba za kutosha kwa chakula na maji, chumba ninalipa kwa wiki kwa dola safi, na ninadai risiti yenye tarehe ya kuingia na ya kutoka. Ukilipa kwa wiki mwambie kabisa mwenye nyumba kwamba mashua ikiondoka mapema siku zilizobaki zirudishwe. Mahali nilipolisema hilo mwanzoni nilirudishiwa, na mahali niliponyamaza sikurudishiwa.

Sipendekezi gesti zilizo ukutani mwa bandari. Bei ni ya chini, lakini kelele za vipaza sauti hazikomi hadi usiku wa manane, na mwanamke akiwa peke yake na mzigo hulala jicho moja. Ninaongeza elfu kadhaa, ninalala ndani ya ua wenye lango linalofungwa.

Mchango wa dereva wa lori, kutoka Butembo

Mimi naona kinyume cha mama hapo juu. Tukitoka Butembo na kupita Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, tunafika tukiwa tumechoka, gari lina tope hadi milangoni, na jambo la kwanza ni wapi gari litalala. Gesti isiyo na ua wa kuingiza lori kwangu haipo, hata ikiwa na marumaru. Huwa ninauliza lango lina upana gani na mlinzi ni wa nyumba au ni wa mtaa. Chumba chenyewe sikitazami sana. Kuhusu kelele, dereva hulala popote.

Anayekwenda Ubundu, mji ulio juu ya maporomoko, akumbuke kwamba stesheni ya reli iko ng'ambo, upande wa kushoto wa mto, Lubunga. Nimewaona watu wakipanga chumba Makiso kisha wanahangaika alfajiri kutafuta mtumbwi wa kuvuka na mizigo gizani.

Mchango wa mwalimu, kutoka Ujiji

Ninaomba kusema juu ya lugha, kwa sababu ndiyo iliyonifungulia milango ya gesti kuliko fedha. Wengi wetu tunaokwenda kutoka Tanzania tunadhani tutahitaji Kifaransa. Kwa ofisa chenye msaada ni Kifaransa, na kwa wapakiaji wa meli ni Kilingala, lakini uani mwa gesti, jikoni na kwenye bomba, Kiswahili kinatosha. Kilifika huko zamani pamoja na misafara iliyotoka pwani na kupita kwetu Ujiji. Hamed bin Muhammed, yule tunayemjua kama Tippu Tip, alifanywa gavana wa eneo hilo la maporomoko mwaka 1887, na wapo wenyeji wa Kisangani ambao bado wanahesabu ukoo wao kutoka kwa watu wa wakati ule. Nilipojitambulisha kwamba ninatoka Ujiji, mzee aliyekuwa akilinda lango alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote 2, akaniuliza kama mwembe mkubwa wa sokoni bado upo. Hakuwahi kufika Ujiji. Alisimuliwa na babu yake.

Hata hivyo, mgeni asikilize kabla ya kusema. Maji wanaita mayi, fedha ni falanga, na mashua kwao ni chombo chochote kikubwa cha mtoni, hata kile cha chuma kinachosukuma matishari yaliyobeba mamia ya watu. Nilipoambiwa "mashua inakuja" nilitazamia chombo kidogo cha tanga. Saa nazo zina mtego wake. Kisangani iko saa moja nyuma ya Dar es Salaam na saa moja mbele ya Kinshasa, na mabaharia wengine wanaotoka Kinshasa hawabadilishi saa zao. Ukiambiwa saa kumi na mbili asubuhi, uliza ni ya wapi. Nilimwomba mzee wa lango aniamshe, na aligonga mlango saa nzima kabla, akasema heri mimi niingoje mashua kuliko mashua iningoje mimi.

Chakula nimekula vizuri. Mama wa jikoni alitupikia lituma, yaani ndizi zilizopondwa zikashikana, pamoja na samaki aliyefungwa kwenye majani na kuwekwa juu ya makaa mpaka majani yakawa meusi. Alipolifungua bunda mbele yangu, mvuke ulipanda wenye harufu ya pilipili na majani mabichi, na mchuzi ulikuwa umebaki wote ndani. Mwambieni asubuhi kama mtakula jioni, kwa maana anakwenda kununua samaki mapema na hana mahali pa kumweka.

Mchango wa mama wa mtoto mdogo, kutoka Bujumbura

Ninaandika kwa ajili ya wazazi. Nililala na mwanangu wa miaka 2 katika gesti ambayo chandarua kilikuwa kipana kwa kitanda lakini kifupi, hakifiki chini ya godoro. Nilikubali kwa kuwa ilikuwa usiku na mvua inanyesha. Siku ya 9 tukiwa njiani mtoto alipata homa, na kituo cha afya kilipompima kilikuta malaria. Alitibiwa akapona, Mungu ashukuriwe. Lakini sijasahau usiku ule wa mvua na uzito wa kichwa chake begani mwangu. Sasa ninabeba chandarua changu chenye dawa, misumari 4 na kamba, na nikifika gesti ninakitundika kabla sijafungua chakula. Mwenye nyumba akiniuliza kwa nini sitaki cha kwake, ninamweleza kwa upole, na mmoja alikwenda kununua vipya siku iliyofuata.

Nawasihi pia msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwani huulizwa mkiingia nchini, na muwe na nakala kadhaa za pasi ya kusafiria. Katika gesti nyingi utaandikwa kwenye daftari, na ofisa anaweza kuja kulitazama. Ukiwa na nakala, pasi yenyewe haiondoki mikononi mwako.

Nina swali kwa aliyeanzisha: uliwezaje hatimaye kujua kwamba mashua inaondoka kweli, na hukuiachia gesti fedha zako za chumba?

Jibu la aliyeanzisha

Asante, dada, na pole kwa mtoto. Laiti ningalisoma habari ya misumari kabla ya safari yangu.

Kuhusu mvutano wa mama wa Uvira na dereva wa Butembo, kwangu mama ana haki zaidi kwa anayesubiri siku nyingi, kwa sababu uchovu wa usiku 10 wa kelele hauponi kwa punguzo la bei. Dereva analala usiku 2 akageuza gari, na kwake lango pana ndilo la maana.

Sasa swali lako. Nilikuwa nikilipa kila baada ya siku 2, kwa makubaliano na mama mwenye nyumba, na nadhani alikubali kwa sababu nilimweleza safari yangu yote siku ya kwanza badala ya kumficha. Siku ya 11 asubuhi sikuuliza, kwa kuwa nilikwisha zoea jibu. Nilikuwa naosha uso pipani aliposimama mlangoni akiwa amevaa viatu vya kutokea, jambo ambalo hakulifanya asubuhi nyingine yoyote. Alisema jamaa yake amepeleka ujumbe: wapishi wa mashua wamenunua kuni na unga wa muhogo wa safari nzima, na wamewasha moto chomboni. Karani anaweza kusema kesho mara 8, lakini mpishi hanunui unga wa watu 200 ili akae bandarini. Nilifunga begi. Kijana wa maji, ambaye saa ile alipaswa kuwa amelala, alilibeba hadi gatini, nasi tuliondoka kabla ya saa sita.