Ushauri: difu ya Mark II GX100 inalia, nibadilishe nzima au nifungue beringi?

kijana_wa_Fuoni
Assalaam aleikum wana jukwaa. Gari ni Mark II GX100, injini 1G, gia otomatiki. Difu (gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa tairi mbili) inalia kama mzinga wa nyuki kuanzia spidi 60 hadi 80, khasa nikiachia mafuta. Nikikanyaga, sauti inapungua. Sili ya mbele, ile ya pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu), inavuja na oili imerukia mpaka kwenye bomba la ekzosi. Fundi mmoja anasema tubadilishe beringi tu, mwengine anataka tuagize difu nzima ya mtumba Dar ije na boti. Huko Dar nimepewa mbili nichague: ya GX100 kama yangu, na ya JZX100 Tourer V wanayosema ina LSD (difu isiyoachia tairi moja izunguke peke yake). Nichukue ipi? Na kazi yenyewe inakwendaje, maana nataka nisimame pale pale inapofanywa. Ya Tourer V naitamani, siwafichi.

Soketi17
Waaleikum salaam. Hakikisha kwanza kuwa ni difu. Mvumo wa difu hufuata mguu wako: ukikanyaga una sauti yake, ukiachia una nyengine. Beringi ya tairi hufuata usukani, ukikata upande mmoja inazidi, upande wa pili inanyamaza. Tairi iliyolika vibaya hufuata lami. Ukiingia kwenye lami mpya kelele inapoa.

Kwa ulivyoeleza, na hiyo sili, mimi ningeanza na beringi za pinioni. Oili ikishuka, beringi ya mbele ya pinioni ndiyo ya kwanza kukauka, kwa sababu iko juu na mbali na dimbwi la oili. Ikilegea, pinioni inacheza mbele na nyuma, na meno hayakutani tena pale yalipozoea. Kupima ni rahisi: fungua propela (shafti ndefu itokayo giaboksi) upande wa difu, shika flenji ya pinioni kwa mikono miwili, itikise juu na chini. Haitakiwi icheze hata kidogo. Kuzunguka kidogo kulia na kushoto ni kawaida, hiyo ni nafasi ya meno.

Halafu fungua plagi ya chini uangalie sumaku yake. Uji mweusi laini kama wanja si tatizo. Vipande vinavyong'aa kama kucha zilizokatwa, basi meno au beringi zinamegeka.

Beringi tu? Inawezekana, ikiwa meno ni mazima na fundi ana saa ya kupimia (geji ya vipimo vidogo). Nafasi ya meno ya krauni (gia kubwa ndani ya difu) na pinioni kwenye difu hizi ni milimita 0.13 hadi 0.18. Hakuna mkono wa binadamu unaohisi hiyo. Spesa ya kati ya beringi mbili za pinioni ni ya kujiponda, ikishakazwa mara moja inatupwa, inatiwa mpya. Fundi akikwambia anakaza nati ya pinioni "kwa uzoefu", mshukuru uondoke. Ikizidi kukazwa, beringi zinapata moto, na kelele inarudi mbaya kuliko ya mwanzo. Kwa hali ya gereji zetu nyingi, difu nzima ndiyo salama zaidi.

Mkoani_Gia
Naongeza kuhusu Tourer V. Ile difu ni kubwa kuliko yako. Ukiinunua peke yake utaipakata tu: flenji ya propela si yako, shafti za pembeni si zako, na mapokeo yake kwenye subfremu (fremu ya chini inayobeba difu) uyapime kabla ya kulipa. Anayeitaka achukue seti kutoka gari moja: difu, shafti mbili, propela ya nyuma, bushi zake. Hapo gharama imeshakimbia. Na LSD ya kitu gani, injini ya 1G? Kwa lita mbili isiyo na tabo, ya kawaida inatosha.

Kikubwa zaidi ni reshio, yaani propela inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa krauni. Angalia kibati kwenye chumba cha injini, mstari wa TRANS/AXLE. Herufi na namba za axle ndizo zinazotaja difu yako. Lakini gari la mtumba huenda lilishabadilishwa difu kabla halijakufikia, kwa hiyo hesabu kwa macho. Inua nyuma yote, tia stendi, gia niutro, weka ubao mbele ya tairi za mbele. Piga alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Mtu mmoja ashike tairi la kushoto lisizunguke kabisa, wewe zungusha la kulia raundi 20 kamili. Mwengine ahesabu propela. Ikizunguka 41, gawa kwa kumi (tairi moja likishikwa, raundi 20 za la pili ni 10 za krauni), ni 4.100. Ikiwa 39 na kidogo, ni 3.909. Ikiwa 37 na kidogo, ni 3.727. Usihesabu raundi mbili ukasema imetosha, hapo 3.9 na 4.1 hutaweza kuzitofautisha. Hii ni kwa difu ya kawaida. Ukizungusha tairi moja na la pili likafuata upande ule ule, una LSD ya diski.

Ukitoka 3.727 ukatia 4.100, injini itazunguka zaidi kwa asilimia 10 kwa mwendo ule ule. Geji inasoma kutoka kwenye giaboksi, kwa hiyo ukiwa 80 ya kweli itakuonyesha 88, na kilomita zitajihesabu haraka kuliko ulizokwenda. Kwetu Pemba kwenye vilima si mbaya, gari linavuta vizuri. Unguja kwenda Nungwi utaona mafuta tu.

BibiSpana
Ukiagiza Dar, mwambie anayekununulia afanye haya pale dukani, si kuletewa picha. Afungue plagi ya kujazia, atie kidole. Oili nyeupe kama tui imeingia maji. Harufu ya kuungua, aiache. Ikiwa ndani kumejaa grisi nzito badala ya oili, wamezima kelele, aiache pia. Azungushe pinioni pole pole mzunguko wa krauni mzima (pinioni mara nne na zaidi), asikilize mkono: ikikwama mahali pamoja kila mzunguko, jino lina kasoro. Flenji zipimwe matundu na upana dhidi ya zako. Na ahesabu reshio hapo hapo kwa namna aliyoeleza Mkoani_Gia, hata kama difu iko sakafuni.

Kabla haijafungwa kwenye gari, badilisha sili zote tatu, mbili za pembeni na moja ya mbele. Ikiwa juu ya meza ni kazi ndogo, ikishapanda utalia. Tahadhari kwenye ya mbele: piga alama nati na shafti kwa tindo, hesabu uzi unaoonekana, irudishe pale pale. Ukiipitisha unaiponda spesa, ndiyo maneno ya Soketi17.

Na usisahau kipumulio juu ya difu. Kikiziba kwa tope, hewa ya moto inakosa pa kutokea na inasukuma oili kwenye sili. Halafu masika, gari lenye difu ya moto likiingia kwenye maji, linapoa ghafla na kuvuta maji ndani. Kichokoe kwa waya mpaka kipulizike.

Soketi17
Kufungua sasa. Siku moja kabla, pulizia nati zote mafuta ya kutu. Chumvi yetu hii, ukilazimisha kavu, studi inakatika.

Legeza nati za shafti gari likiwa chini, handibreki imevutwa, maana likiwa hewani zitazunguka nawe. Kisha stendi nne za chuma. Tofali hapana, tofali linapasuka bila kukuarifu. Ondoa kipande cha nyuma cha ekzosi. Fungua plagi ya KUJAZIA kwanza, ndipo ya kumwaga. Ukimwaga halafu ya juu ikagoma, una difu kavu na gari haliendi popote. Nyingi zinataka alan ki ya 10, isukume mpaka ndani kabla hujakaza mkono.

Piga alama ya rangi propela na flenji, toa bolti nne, ifunge propela juu kwa waya. Usiiache ining'inie, unaua senta beringi. Usiichomoe kwenye giaboksi, itamwaga oili ya gia. Shafti nazo zifunge juu, zisivunje buti zake. Tia jeki chini ya difu na mtu wa kuiegemeza, ina uzito wa mfuko mzuri wa mchele. Legeza bolti zinazoshika difu, za nyuma kwanza, kisha za mbele, shusha.

Kurudisha ni kinyume chake. Bolti zote ziingie kwa vidole kwanza, ndipo spana.

kijana_wa_Fuoni
Ahsanteni sana. Nimepima jana. Pinioni inacheza juu na chini, inaonekana kwa macho. Sumaku ina vile vipande vya kucha. Raundi 20 za tairi, propela 41. Tourer V nimeiacha. Oili ninunue ipi na kiasi gani?

Soketi17
Basi mwambie wa Dar atafute GX100 ya 41. Oili ni 80W-90 au 85W-90, iandikwe GL-5, si GL-4. Nunua lita 2, haitatumika yote. Gari likiwa sawa kwenye usawa, jaza mpaka ianze kutoka yenyewe tunduni, subiri iache kudondoka, funga kwa washa mpya.

BibiSpana
Baada ya kilomita 500 rudi chini ya gari, kaza tena nati za propela na shafti, na umwage ile oili ya kwanza. Ya mtumba huja na uchafu wake. Weka karai safi, uichunguze juani.