Mjadala: Je, Marekani ilitenda haki kumfungia mlango Charlie Chaplin?

Kila anapotajwa Charlie Chaplin, Mwingereza mchekeshaji na mtengenezaji wa filamu, hakosi kutokea mtu wa kusema kwamba Marekani ilimfungia mlango kwa haki, kwa kuwa aliishi huko takriban miaka 40, akatajirika, na bado hakuomba uraia. Mimi nalipinga hilo, ingawa nakiri kwamba mwenyewe hakuwa malaika.

Septemba 1952 Chaplin alipanda meli pamoja na familia yake kwenda London, alikozaliwa mwaka 1889, kuizindua filamu yake ya Limelight. Meli ikiwa baharini, Mwanasheria Mkuu wa Marekani, James McGranery, alikifuta kibali chake cha kurejea na kuagiza kwamba akitaka kuingia tena, sharti ahojiwe kwanza kuhusu siasa zake na mwenendo wake. Hapakuwa na shtaka. Utazameni pia wakati uliochaguliwa: angalikuwa bado California, serikali ndiyo ingalibeba mzigo wa kueleza kwa nini aondoshwe, lakini kwa kuwa alikwishatoka, mzigo ukamwangukia yeye.

Wanaouunga mkono uamuzi huo hutaja wanawake, na hapo wana hoja, maana wake zake wawili wa kwanza aliwaoa wakiwa na miaka 16, jambo ambalo umahiri wa kuchekesha haulifuti. Hata hivyo, ndoa hizo ni za mwaka 1918 na 1924. Kama hilo ndilo lililowakera wakubwa, mbona walingoja hadi 1952? Mwaka 1944 alishtakiwa kwa kumsafirisha mwanamke kutoka jimbo moja hadi jingine kwa nia ya uasherati, na baraza la mahakama likamwona hana hatia. Kilichogeuka baada ya hapo ni hofu ya ukomunisti, ambao yeye aliukana waziwazi, huku FBI, shirika la upelelezi la Marekani lililoongozwa na J. Edgar Hoover, ikizidi kumchunguza.

Aprili 1953 aliirudisha hati ya kibali kile kilichofutwa, akabaki Uswisi. Mwaka 1972 Hollywood ilimwita kumpa Oscar ya heshima, na mwaka uliofuata muziki wa Limelight, filamu ya miaka 20 nyuma, ukapata Oscar; filamu ilistahili kushindania tuzo hiyo baada tu ya kuonyeshwa Los Angeles, na hiyo haikuonyeshwa huko hadi 1972.

Anayeuona uamuzi wa McGranery kuwa halali na anijibu: ni kosa gani la Chaplin lililokuwapo mwaka 1952, likawa limekwisha mwaka 1972?