F-35, Su-35, Rafale au Gripen E: ipi inashinda angani, na ipi ingepata shida Dodoma saa nane mchana?

Kizota_Anga
Wakuu, tulinganishe hizi ndege za kivita nne, ndege kwa ndege tu, mabomu tuyaache. Kwa kasi ya juu kabisa Su-35S ni Mach 2.25 (mara 2.25 ya kasi ya sauti), Gripen E Mach 2, Rafale 1.8, F-35A 1.6. Huyu wa mwisho kwa mbio mbona ndiye anayeogopwa?

Zabibu_Chungu
Mkuu, hizo ni kasi za ndege nyepesi, juu sana, huku mafuta yakiisha kwa dakika chache. Swali ni nani anamwona mwenzake kwanza. Umbali ambao rada inakuona hufuata kipeuo cha nne cha mwangwi wako (ukubwa unaoonekana na rada, unapimwa kwa mita za mraba). Ukipunguza mwangwi mara 10,000, umbali unapungua mara 10. Yaani rada inayoiona shabaha ya mita 1 ya mraba ikiwa kilometa 200, ile ya mita za mraba 0.0001 itaiona ikifika kilometa 20. F-35 ameundwa awe na mwangwi mdogo, kwa hiyo humo katikati anafyatua na kugeuza.

Gharama yake: tumboni anabeba makombora manne tu ya AMRAAM, ya kupiga ndege za mbali. Akining'iniza nyingine chini ya mabawa, mwangwi unarudi na faida imekwenda. Su-35 ana sehemu 12 za kuning'iniza silaha, ila ile rada yake ya Irbis-E ikiwashwa kwa nguvu zote ni kama kuwasha kurunzi porini usiku. Unaona, na wewe unaonekana.

Mlimwa_Juu
Umeruka kombora, na ndilo linaloua. Kombora la kawaida linaungua sekunde chache, linalobaki ni kuteleza. Likifika mbali limeshachoka, rubani akikata kona kali linampita. Kombora la Meteor, ambalo Rafale na Gripen wanabeba, linavuta hewa na kupunguza au kuongeza moto njiani, kwa hiyo linafika bado lina nguvu ya kufuata kona.

Halafu masafa yanayoandikwa ni ya kurusha ukiwa juu na unakimbia. Ukirusha kombora hilohilo chini chini, kwenye hewa nzito, unaweza kubaki na theluthi au pungufu. Hapo mbio za Su-35 zinarudi kuwa na maana, Zabibu, usizitupe zote.

Kizota_Anga
Na ule ufundi wa Su-35 kugeuza matundu ya injini na kusimama angani kama mwewe?

Zabibu_Chungu
Maonyesho. Ukisimama hivyo umemwaga kasi yote, na kuirudisha kunataka muda na mafuta. Siku hizi rubani anakulenga kwa kukuangalia tu kupitia kofia yake, na kombora la karibu kama AIM-9X au IRIS-T linageuka lenyewe kufuata. Mwenzake wa pili anakukuta umening'inia.

Mlimwa_Juu
Tena ndege haipigani peke yake. Mei 2025, katika mapigano na Pakistan, India, yenye Rafale, ilikiri kupoteza ndege, idadi bado wanabishana. Pakistan walikuwa na ndege za kivita za J-10C, makombora ya PL-15 na ndege za rada za Erieye zinazowapa taarifa. Ukilinganisha J-10C na Rafale ukaacha Erieye nje, unalinganisha nusu ya habari.

Msalato_Njia_Ndefu
Ngoja nilete hesabu ya nyumbani. Dodoma ipo karibu mita 1,120 juu ya bahari. Joto likiwa nyuzi 30, hewa inabaki kama asilimia 83 ya uzito wa ile ya pwani siku ya kawaida, injini na mabawa yanafanya kazi kana kwamba uko karibu mita 1,900. Kasi halisi ya kuondoka ardhini inapanda karibu asilimia 10, msukumo unashuka kama asilimia 17. Umbali hufuata kasi mara kasi, kisha unagawa kwa msukumo: mbio za kuruka zinarefuka karibu nusu nzima. Aliyezoea mita 500 anataka kama 725, na hapo hajapasua tairi.

Kwenye uzito wa juu kabisa, Su-35 (tani 34.5, injini mbili za kilonyutoni 142 kila moja) ana msukumo wa 0.84 ya uzito wake. Rafale, Gripen E na F-35A wote wanacheza kwenye 0.6. Kwa hiyo hao watatu wapunguze mafuta au waruke alfajiri. Wakija kwa mapambano ya anga tu, bila mabomu, pengo linapungua.

Kutua ndiko watu wanakosahau. Kasi ikiongezeka asilimia 10, breki zinabeba joto la asilimia 20 zaidi. Su-35 anafungua parachuti. Gripen anainamisha vile vibawa vya mbele vikasukume hewa, ila breki ndizo zinazomaliza kazi.

Zabibu_Chungu
Na vumbi la Bahi je?

Msalato_Njia_Ndefu
Su-35 ana wavu unaoziba mdomo wa injini akiwa chini. Unazuia kokoto, vumbi laini linapita. Likifika kwenye joto la turbini linayeyuka, linaganda kama kioo kwenye mapanga na kuziba vitundu vya kupozea. Hapo panga linaungua. Dawa ni kufagia njia kabla ya kila mruko, kuacha nafasi ndefu kati ya ndege na ndege, na kuingiza kamera ndani ya injini mapema kuliko ratiba ya kiwandani inavyotaka. Gripen, aliyeundwa kutumia barabara za Sweden, naye atafagiliwa. Barabara za kule hazina vumbi hili jekundu.